Kisu cha Mfukoni cha Askari wa Kagunga

Ndugu msikilizaji, wiki mbili zilizopita nilipigiwa simu na mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa. Amemaliza mafunzo katika Shule ya Polisi kule Moshi, na kituo alichopangiwa ni Kagunga, kijiji cha mpakani mwa Burundi katika mwambao wa Ziwa Tanganyika. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza: "Mjomba, nataka kununua kisu cha mfukoni. Ninunue cha namna gani?"

Nilicheka. Nikamwambia kwamba wahenga walisema mtoto akililia wembe mpe, lakini yeye Serikali imeshampa rungu na bunduki, sasa kisu cha nini tena? Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Mjomba, bunduki haikati kamba."

Hapo nikaacha kucheka.

Wanaoijua Kagunga wanajua maana ya maneno yale. Ukitoka Kigoma unapanda boti la mbao pale Kibirizi, unaambaa na ufuko, unaipita hifadhi ya Gombe, unaendelea kaskazini kijiji baada ya kijiji. Nyuma ni milima, mbele ni maji. Kila kitu huko kinafungwa kwa kamba: boti, magunia, nyavu za dagaa, mbuzi wa mnadani, hata mlango wa choo. Askari wa kituo kama hicho hushinda na watu wa majini, na mahali penye maji na kamba, kamba huweza kuua.

Swali la binti yule lilinirudisha Mei 2015. Mwezi uliotangulia, chama cha Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi kilimteua kugombea kwa kipindi cha tatu. Ghasia zikazuka Bujumbura, na watu wakaanza kuvuka mpaka. Makumi ya maelfu wakajikuta Kagunga, kwenye ufuko mwembamba uliobanwa kati ya mlima na ziwa. Kipindupindu kikaingia, na hadi mwishoni mwa mwezi ule kilikuwa kimeua watu zaidi ya 30. Meli ya MV Liemba, ile iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, ikawa inawachukua mamia kwa mamia hadi Kigoma, wapokelewe katika Uwanja wa Lake Tanganyika, kisha wapelekwe kambi ya Nyarugusu. Lakini Liemba haikuweza kufika ufukweni Kagunga. Ilisimama majini, na watu wakapelekwa kwake kwa boti ndogo.

Nilikuwa nimesimama majini hadi kiunoni, redio yangu ya kurekodia nimeiinua juu ya kichwa. Mama mmoja alikuwa anapanda boti, mtoto yupo mgongoni kwenye mbeleko. Nyuma yake watu wanasukumana. Mbeleko ikanasa kwenye msumari wa ubavu wa boti, wimbi likalivuta boti, na mama akaning'inia, kichwa cha mtoto kikigonga mbao. Askari aliyekuwa karibu alijaribu kufungua fundo kwa vidole. Fundo limelowa, halifunguki. Mvuvi mmoja akachomoa kisu chake cha kupasulia samaki, chembamba chenye ncha kali, akapitisha chini ya kitambaa na kukata. Mama na mtoto wakapona. Lakini ncha ya kile kisu ilikuwa imemchana mtoto pajani, jeraha la urefu wa kidole, katika maji machafu na wakati wa kipindupindu.

Mvuvi yule alifanya la maana, na simlaumu hata kidogo. Nasema tu kwamba siku ile nilijifunza kuwa kisu cha kuokolea na kisu cha kuchinjia ni vitu viwili mbalimbali.

Kwa hiyo jambo la kwanza nililomwambia mpwa wangu ni hili: tafuta kisu chenye ncha butu. Vipo visu ambavyo makali yake yamenyooka, na mgongo wake unainama kuyafuata hadi mwisho, ili pasiwe na ncha ya kuchoma. Mabaharia wa zamani walivipenda, maana meli ikiyumba kisu hakimchomi mwenyewe wala mwenzake. Ubapa wa sentimita saba au nane unatosha. Kisu kirefu chenye ncha kama jambia kitamtisha mama wa sokoni, na hakitakata kamba vizuri zaidi.

Jambo la pili ni komeo. Kisu cha kukunja kisicho na komeo hushikwa wazi na springi peke yake. Vile visu vidogo vyekundu vya Uswisi, vilivyotokana na kisu cha maofisa kilichosajiliwa na Karl Elsener mwaka 1897, ni vizuri sana kwa embe na kopo la maziwa, lakini vingi vya saizi ya kawaida havina komeo. Niliwahi kusafiri kutoka Kibirizi, kipande cha kamba ya manila kikajisokota kwenye propela ya injini, boti likageuka ubavu kwa mawimbi. Abiria mmoja mwenye moyo akainama nyuma na kisu chake cha kukunja. Akakisukuma vibaya kidogo, kikajifunga juu ya vidole vyake. Tulifika salama, yeye akiwa na vidole viwili vilivyofungwa kwa leso yangu. Kuna makomeo ya namna nyingi, na mojawapo rahisi ni ile pete ya chuma inayozungushwa shingoni mwa kisu, iliyowekwa kwenye visu vya Opinel vya Ufaransa tangu mwaka 1955. Pete hiyo ni imara, ila mara nyingi hudai mikono miwili.

Na hilo linatuleta kwenye jambo la tatu. Askari akiwa majini, mkono mmoja umeshika boti au umemshika mtu. Kisu kifunguke kwa mkono uliobaki, kwa dole gumba, hata kikiwa kimelowa. Ambacho mpaka ukikwaruze kwa kucha ndipo kifunguke, mwachie mwenye duka.

La nne ni chuma. Chuma cha kawaida hunoleka upesi, lakini ukikisahau kimelowa usiku mmoja, asubuhi kina kutu. Chuma kisichoshika kutu kimechanganywa na kromiamu, na hupunguza taabu hiyo ingawa hakiiondoi kabisa. Kwa mtu anayelowa kila siku, achukue hicho, akipanguse kila jioni, na atie tone la mafuta kwenye bawaba.

La tano, makali yenye meno au yasiyo na meno? Hapa tulibishana. Meno hukata manila iliyolowa haraka, na hudumu na ukali wake muda mrefu. Makali laini hunoleka kwenye kinoo chochote, hata jiwe la mtoni. Tukakubaliana kwamba achukue kisu cha nusu kwa nusu: meno karibu na mpini, laini kuelekea mwisho. Meno ayatunze kwa siku ya shari, na kazi za kila siku azifanye kwa upande ule laini.

Akaniuliza kuhusu vile vyombo vyenye koleo, bisibisi na kisu pamoja, kama alivyovibuni Mmarekani Tim Leatherman na kuanza kuviuza mwaka 1983. Nikamwambia ni vizuri, lakini mahali pake ni kwenye sanduku la vifaa vya boti. Mtu anazama, wewe unatafuta kisu kati ya bisibisi!

Jambo la mwisho la kununua ni uzi. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 penye kina kirefu kabisa. Kisu kikianguka humo, muombe Mungu akupe mshahara mwingine. Basi kiwe na tundu kwenye mpini, kifungwe uzi, na mpini uwe wa rangi inayoonekana, njano au chungwa.

Na namna ya kukijaribu dukani? Nenda na kipande chako cha manila, ukiloweshe. Fungua kisu, shika ubapa kwa kitambaa na uutikise kushoto na kulia. Ukicheza, kiache. Bonyeza mgongo wake juu ya kaunta uone kama komeo linashika. Kisha kata kamba. Muuzaji akikataa, jibu umeshapata. Jina kubwa lililochapwa kwenye mpini lisikudanganye, maana feki nazo zina majina makubwa.

Ndugu msikilizaji, kununua ni nusu ya kazi. Askari si mvuvi. Kabla ya kutembea na kisu hicho amwoneshe mkuu wake wa kituo, kwa kuwa Jeshi la Polisi lina taratibu zake. Tena kisu hicho hicho kinachomenya chungwa kisiguse kielelezo. Na akimkuta mtu amejinyonga, Mungu atuepushe, kama kuna dalili yoyote ya uhai amwinue na akate upesi. Kama uhai umekwisha, fundo lisiguswe wala lisikatwe. Wakati wa kumshusha ukifika, kamba ikatwe mbali na fundo, kwa sababu fundo lile ni ushahidi, na daktari na mpelelezi watataka kuliona lilivyofungwa.

Wahenga wetu walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Ni methali ya wenye nguvu, na wako askari wanaoishi kwa methali hiyo hata bila kisu. Raia wa mwambao wanawajua. Kama mtu wa Kagunga akimwona mpwa wangu anachomoa kisu, ningependa jambo la kwanza kumjia akilini liwe kwamba kuna aliyenasa naye anakwenda kunasuliwa. Heshima ya namna hiyo haiuzwi dukani. Huchukua miaka kujengeka, na huweza kupotea siku moja tu kisu kikichomolewa kwa hasira.

Jumapili alinipigia tena. Amekipata, mpini wa njano, ncha butu. Nikamuuliza amekwishakifanyia kazi gani. Akasema amemfungua mbuzi wa bibi mmoja aliyejiviringisha kwenye kamba yake.

Nikamwambia, mwanangu, umeanza vizuri. Hadi wiki ijayo, kwaherini.