Kutia Gesi Pombe ya Nyumbani Katika Chupa

Leo tuongee habari ya pombe inayotiwa kwenye chupa na kufungwa mpaka ipate gesi, ili ikifunguliwa itoe povu kama bia ya dukani. Jambo hili linawezekana nyumbani, wala halitaki mtambo. Lakini likifanywa kwa kukisia chupa hupasuka, na kipande cha kioo hakichagui jicho la mtoto wala la mwenye pombe.

Kwanza tujue gesi inatoka wapi. Hamira ni vijidudu hai. Vinakula sukari, na hapo tunapata vitu viwili: kilevi na gesi. Pombe ikiwa mtungini, gesi hupanda ikaenda zake. Ndiyo yale mapovu yanayochemka bila moto. Ukiifungia chupani haina pa kwenda, basi inayeyuka ndani ya pombe. Ikizidi inasukuma kizibo, na kizibo kikikataa kutoka, chupa yenyewe inapasuka.

Sasa hii pombe yetu ya mtama na ulezi, ile nzito yenye machicha, usiifunge kwa kukaza hata kidogo. Sababu ni kimea. Kimea kisichochemshwa huendelea kugeuza wanga kuwa sukari, na hamira nayo inaendelea kula usiku na mchana. Huwezi kujua itatoa gesi kiasi gani. Kama unaipeleka mnadani, itie kwenye dumu lenye kifuniko kilicholegezwa, lisimamishwe wima, na inywewe siku hiyo hiyo. Kwa maoni yangu ndivyo ilivyo tamu zaidi.

Anayetaka pombe ya chupa abadili upishi. Uji mtamu wa kimea uchuje vizuri kwa kitambaa safi, kisha maji yake uyachemshe kwa saa moja. Moto huo unakomesha kazi ya kimea na kuua vijidudu vya uchachu. Yakipoa yakawa vuguvugu tia hamira, funika chombo bila kukikaza, halafu subiri. Kimea kiwe kizima, kisicho na ukungu, maana sumukuvu haiondoki kwa kuchemsha.

Hapa kwenye kusubiri ndipo wengi wanapoharibu. Usihesabu siku tu; joto la kando ya ziwa huharakisha, na usiku wa baridi huchelewesha. Onja: utamu uwe umekwisha. Tazama: mapovu yawe yametulia siku mbili nzima. Kisha fanya jaribio hili. Jaza pombe hiyo katika chupa moja ya plastiki ya soda, bila sukari, ikaze, uiweke mahali penye joto. Baada ya siku mbili ibonyeze. Ikiwa imekuwa ngumu, pombe bado inachemka. Ifungue, na zile nyingine usizijaze kwanza.

Ikiwa imebaki laini, sasa tia sukari ya kuleta povu. Kipimo ni kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa kwa kisu, kwa chupa ya nusu lita. Hiyo ni kama gramu 4. Chupa ya lita moja vijiko viwili, ya lita moja na nusu vitatu. Ndoo ya lita 20 inajaza chupa 40 za nusu lita, kwa hiyo sukari yote ni gramu 160 tu. Mama, usiongeze kwa sababu unaona ni kidogo! Kijiko cha kujaa mlima ni karibu vijiko viwili, na gesi yake chupa ya kawaida inaweza kushindwa kuihimili. Sukari itangulie chupani, pombe ifuate taratibu. Ukiitupia juu ya pombe itafura na kumwagika. Acha nafasi ya vidole viwili juu.

Juu ya chupa, nawashauri mtumie za plastiki zilizokuwa na soda. Za maji ya kunywa ni nyembamba mno. Za kioo za pombe kali hazikutengenezwa kwa ajili ya gesi, ziacheni. Na chupa iliyowahi kutiwa dawa ya pamba isitumike kabisa, hata ukiiosha mara kumi.

Uzuri wa plastiki ni kwamba inasema. Ibonyeze kila asubuhi. Siku ya kwanza ni laini; ikifika siku ya tatu au ya tano inakuwa ngumu kama soda mpya. Hapo ihamishie penye baridi, kwenye jokofu kama lipo. Kama halipo, inywewe upesi. Ikiendelea kukaza mpaka inavimba, legeza kifuniko kidogo gesi itoke, kisha kaza tena.

Anayetaka kuuza akumbuke kwamba Sheria ya Vileo ya mwaka 1968 inataka leseni. Ulizeni halmashauri kabla ya kununua sukari.

Wakati wa kufungua, geuza uso pembeni, zungusha kifuniko polepole, na umimine bila kutikisa. Lile tope jeupe la chini ni hamira, liache chupani.