Umeme Haukaririwi
Hotuba ya Kamati ya Elimu katika mkutano wetu wa mwaka



Mmezoea kutuona hapa tukiwasomea mapato na matumizi. Leo tunaanza na deni la zamani.

Wengi wetu tuliosoma sekondari ya nyumbani tuliingia mtihani wa fizikia wa kidato cha nne tukiwa tumekariri sura nzima ya umeme na sumaku. Kanuni ya Ohm tuliijua hata usingizini: volti ni mkondo mara ukinzani. Betri ya volti 6, ukinzani wa omu 3, mkondo ni ampea 2. Hapo hatukukosa. Lakini waya wenyewe hatukuwahi kuushika.

Siku ya mtihani wa vitendo tukakuta mezani betri, waya, swichi, amita na voltimita. Amita huungwa mfululizo, mkondo wote upite ndani yake. Voltimita huungwa sambamba na kifaa kinachopimwa. Kwa maandishi tulilijua hilo. Kwa mikono, tukaunga amita moja kwa moja kwenye ncha mbili za betri. Ukinzani wake ni mdogo mno, mkondo ukapita kwa nguvu, sindano ikagonga mwisho, mita ikaungua. Mwenzetu aliyekuwa akiongoza darasa kwa hesabu alikabidhi jedwali tupu. Alitaka kuwa mhandisi, hakuwa. Wengine tukageukia biashara na uhasibu. Kazi zetu tunazipenda, ila hatukuzichagua.

Kinachouma ni kwamba chini ya milima yetu lipo Bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye mitambo ya megawati 8. Maji yanazungusha mtambo, sumaku inazunguka kando ya koili za waya, umeme unapatikana. Ni sura ileile tuliyoikariri. Michael Faraday alilionyesha jambo hilo London mwaka 1831. Alikuwa mtoto wa mhunzi, kama watoto wa Washana wa kwetu, na ujana wake aliupitisha akijalidi vitabu. Shule alisoma kidogo tu, lakini vifaa alivishika.

Ndugu zetu, hatuombi maabara ya chuo kikuu. Tunaomba kila wanafunzi watatu wapate seti moja: betri, waya, balbu ndogo, amita, voltimita, dira, sumaku, koili na galvanomita. Mtoto asukume sumaku ndani ya koili, aone sindano ikiyumba. Aisimamishe sumaku, aone sindano inarudi kwenye sifuri. Aivute nje, aone sindano inaelekea upande wa pili. Akiyaona hayo kwa macho yake, mtihani hautamtisha. Na mita ya kuungua iungue darasani, mwalimu akiwa pembeni, si siku ya mtihani.

Fedha zitakazopatikana leo zitanunua seti hizo tu. Kila shilingi itakuwa na risiti, na mwakani tutazisoma hesabu hapahapa, mbele yenu. Mwenye fedha taslimu atoe, mwenye ahadi aandike, na aliye mbali atume kwa simu kwa mweka hazina.

Deni hili ni letu. Tusiwarithishe watoto.