Kinachomsukuma Mhadhiri Kushika Uongozi



Mwalimu wa chuo kikuu hapandishwi cheo kwa kuendesha vikao. Hutoka uhadhiri hadi uprofesa kwa ufundishaji na, zaidi, kwa machapisho. Saa ambazo mkuu wa idara anazitumia kupanga ratiba, kusikiliza malalamiko ya alama na kufuatilia bajeti, makala zake zinazikosa. Kwa nini basi akubali?

Majibu yapo, na yana ukweli. Posho ya madaraka husaidia mshahara unapobana. Heshima huvutia. Wengine husihiwa na wazee wa idara, au huhofia nafasi isije ikaangukia kwa asiyefaa. Siwalaumu. Lakini sababu hizo humfikisha mtu kwenye kiti. Akishakaa, hazimwelekezi afanye nini.

Naamini msukumo unaodumu ni mmoja: mhadhiri ameona jambo lisiloweza kurekebishwa kutoka darasani, naye hana raha mpaka lirekebishwe.

Tukitazame Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, yaani Mlimani. Chuo kilianza mwaka 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria. Kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970, Makamu Mkuu wake wa kwanza, Pius Msekwa, alitoka katika utumishi wa Bunge na chama tawala. Baadaye walimu wenyewe walishika usukani. Geoffrey Mmari, mwalimu wa hisabati, aliongoza kuanzia 1988 hadi 1991, kipindi kigumu ambapo serikali ilikifunga chuo. Angeweza kupumzika. Badala yake alikwenda kukijenga Chuo Kikuu Huria, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, ili mtu mwenye kazi na familia asome bila kuziacha. Mrithi wake Mlimani, Matthew Luhanga, mhandisi wa mawasiliano, alikaa hadi 2006 akisimamia mageuzi makubwa ya uendeshaji wa chuo. Wote wawili wanakumbukwa kwa walichokijenga.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, anayependekezwa kuwa mkuu wa idara au Amidi aulizwe mbele ya wenzake anataka kurekebisha nini, na jibu liandikwe. Pili, mzigo wake wa vipindi upunguzwe kwa kweli, si kwenye karatasi tu. Tatu, akimaliza muhula apewe likizo ya utafiti. Mhadhiri anayejua kwamba njia ya kurudi maabara na maktaba iko wazi hatang'ang'ania ofisi, na atathubutu kufanya maamuzi yasiyopendwa.

Vijana wahadhiri, tulilelewa tukiambiwa cheo ni dhamana. Msikikimbie, wala msikikimbilie. Tafuteni kwanza jambo ambalo idara yenu inalihitaji na mko tayari kulitolea miaka yenu. Mkilipata, wajibu wa kuongoza utakuwa umekwisha kuanza.