Aliyepimwa Kwanza Siye Aliyeleta



Ukimwi ulitambuliwa hapa Kenya mwaka 1984. Magazeti ya miaka ile yaliandika sana juu ya "malaya" wanaoeneza ugonjwa. Wanaume waliowaendea, kimya! Habari za namna hiyo zilituzoeza kumnyooshea mama kidole, na mpaka leo hatujaacha.

Angalieni: mama mjamzito hupimwa kliniki, baba amebaki nyumbani. Kwa hivyo mama hujulikana kwanza, halafu anafukuzwa, eti ndiye aliyeleta. Lakini kupimwa kwanza si kuambukizwa kwanza.

Tukisoma gazeti au kusikia redio, tuulizane: mbona mwanamume hatajwi? Na mama akienda kliniki, baba afuatane naye, wapimwe pamoja.