Alzheimer Majumbani Mwetu: Mgonjwa, Familia na Mtaa



Nimeombwa nieleze ugonjwa wa Alzheimer na athari zake kwa mgonjwa na familia. Nitaueleza nikiwa na Nyamagana yetu, hapa Mwanza, akilini, kwa sababu huku kwetu ugonjwa huu una hatari ambayo madaktari wa Ulaya hawana haja ya kuifikiria: unaweza kumfanya bibi wa watu aitwe mchawi.

Jina la ugonjwa linatokana na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer. Mwaka 1901, mjini Frankfurt, alimpokea mama wa miaka 51 aitwaye Auguste Deter, aliyekuwa amepoteza kumbukumbu na kujawa na shuku dhidi ya mumewe. Mama huyo alipofariki mwaka 1906, daktari aliuchunguza ubongo wake akakuta umesinyaa, umejaa mabaki ya protini nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Novemba mwaka huohuo aliwaeleza madaktari wenzake mjini Tübingen. Leo tunajua kwamba uharibifu huo huanza miaka kumi, hata zaidi, kabla dalili hazijaonekana.

Mara nyingi sehemu inayoshambuliwa mwanzo ni ile inayohifadhi mambo mapya. Ndiyo maana mama anaweza kukusimulia bila kukosea alikuwa wapi Mei 21, 1996, habari za kuzama kwa meli ya MV Bukoba zilipofika mjini, akamtaja aliyemletea habari na nani wa ukoo hakurudi, lakini hajui kama amekunywa chai asubuhi ya leo. Watoto wakiona hivyo husema, "Anajifanya tu." Hajifanyi. Ya zamani bado yapo. Ya leo hayakupata pa kukaa.

Alzheimer ni aina moja katika kundi la magonjwa liitwalo demensia, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ndiyo asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote wa kundi hilo. Tusidhani ni ugonjwa wa Wazungu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti waliwafikia wazee zaidi ya elfu moja wenye miaka 70 na kuendelea, wakakuta takriban 6 katika kila 100 wana demensia. Karibu nusu yao walikuwa na Alzheimer, na wengi wa waliobaki walikuwa na ile inayotokana na kuharibika kwa mishipa ya damu kichwani. Nawapongeza watafiti wa huko kwa jambo moja: walitumia pia kipimo kisichohitaji kalamu, kwa ajili ya bibi ambaye hakusoma shule. Walimpangia njiti za kiberiti kwa mchoro fulani, wakamwomba apange kama ule. Kipimo kama hicho hata mhudumu wa zahanati anaweza kufundishwa.

Sasa nyumbani. Kusahau ulipoweka funguo ni jambo la kila mtu. Tuhofu pale mama aliyeuza dagaa miaka thelathini anaposhindwa kurudisha chenji ya elfu mbili. Anaficha pesa ndani ya kiroba cha unga, kisha anamtuhumu mkwewe kuwa mwizi. Anauliza swali moja mara kumi. Anavaa gauni juu ya gauni. Jua likielekea kuzama hatulii: anafunga kanga zake kwenye furushi na kudai apelekwe nyumbani, naye yuko kwake, kwenye nyumba aliyoijenga mwenyewe.

Usiku anatoka. Mnazijua njia za Mabatini na Igogo, zinavyopita katikati ya majabali, na nyumba zilivyopandana hadi juu mlimani. Mzee akiteremka pale gizani hajui kurudi. Anavua nguo kwa sababu amesahau kama ni usiku au saa ya kuoga. Alfajiri anakutwa mlangoni pa watu, uchi, haelezi ametoka wapi. Na sote hapa tumewahi kusikia habari ya bibi "aliyeanguka na ungo" usiku akiwa uchi. Watu wanakusanyika, mawe yanaokotwa. Ongeza macho mekundu, yanayodhaniwa kuwa alama ya uchawi, ya mama aliyepikia kuni, vishina vya pamba na kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote, na hukumu imeshatolewa.

Sidai kwamba kila mzee aliyeuawa Usukumani alikuwa na demensia. Mengi ya mauaji yale yalikuwa na ugomvi wa mashamba na urithi nyuma yake. Lakini ukubwa wa jambo lenyewe unatosha kututisha. Mwanaanthropolojia Simeon Mesaki ameandika kwamba kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,600 waliuawa Tanzania Bara kwa tuhuma za uchawi, wengi wao wanawake, na Usukuma ndio ulioongoza. Mama anayetembea usiku na kuzungumza na watu waliokwisha kufa hawezi kujitetea mbele ya umati. Akitambuliwa mapema kuwa ni mgonjwa, na majirani wakajua, hiyo ni kinga ya uhai wake.

Kuna nyumba nyingine ambazo hazimwiti mchawi. Zinasema, "Ni uzee tu," na hapo mambo yanaishia. Hili linaniumiza vilevile, kwa sababu si kila anayepoteza kumbukumbu ana Alzheimer. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, sonona, kaswende ya muda mrefu, VVU, damu iliyovilia kichwani baada ya kuanguka: haya yote yanaweza kufanana nayo, na yana tiba. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya siku mbili tatu, huenda ana malaria au maambukizi ya njia ya mkojo. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyohiyo.

Kwa hiyo anzieni zahanati, kisha ombeni rufaa kwenda hospitali ya Sekou Toure au Bugando. Chukueni dawa zote anazotumia, hata za duka la mtaani, kwa sababu baadhi ya dawa za mafua na za usingizi huvuruga kumbukumbu za wazee. Na aende naye anayelala naye nyumba moja. Mtoto aliyekuja juzi kutoka Dar es Salaam hafai kwa kazi hiyo: mgonjwa hujikaza mbele ya mgeni kwa saa nzima, na mgeni huondoka akisema mama ni mzima.

Dawa ya kuponya Alzheimer haijapatikana. Zipo, kama donepezili, zinazowapunguzia baadhi ya wagonjwa dalili kwa muda. Anayewauzia chupa ya mitishamba kwa ahadi ya kurudisha akili anawaibia. Maombi yaendelee, ila mzee asifungishwe wala asifungwe kamba. Na kwa sisi ambao bado hatujaumwa, kudhibiti presha na kisukari, kuacha sigara, kutibu masikio yasiyosikia na kuvaa kofia ngumu kwenye bodaboda hupunguza hatari. Tume ya jarida la Lancet ilikadiria mwaka 2024 kwamba karibu asilimia 45 ya demensia duniani ingeweza kuzuiwa au kucheleweshwa.

Kuhusu mabishano: acheni. Akimuulizia mama yake aliyefariki zamani, ukimjibu "alishakufa" anafiwa upya, na kesho atafiwa tena. Mwambie, "Umemkumbuka mama. Alikuwa anapika nini?" Hapo atasimulia, na atatulia.

Nitaje na mali, maana huko ndiko familia zinakovunjikia. Mzee anamtajia namba ya siri ya simu yeyote anayemwomba. Anauza kiwanja kilekile mara mbili bila kujua. Wosia uandikwe mapema, akili ikiwa bado timamu, mbele ya mashahidi. Wenyeviti, msigonge muhuri kwenye mauzo ya ardhi ya mzee ambaye hawezi kuwaambia leo ni siku gani.

Na anayeuguza je? Aghalabu ni binti mmoja au mkwe mmoja, haamki kwa sababu hapati kulala. Ndugu wengine wanatuma hela na lawama. Katika nyumba kadhaa ni mjukuu wa kike aliyeachishwa shule, na hili sitalifumbia macho. Familia ikae kikao, igawane zamu za usiku, pampasi na sabuni ziwe na mchango wa kila mwezi, na yule binti arudi darasani.

Ninachoomba kwa mitaa ni hiki. Mhudumu wa afya anapopita nyumbani, aulize kuhusu kumbukumbu za mzee kama anavyoulizia presha. Mwenyekiti, balozi na sungusungu wawajue kwa sura wazee wanaopotea njia, na kila mzee wa namna hiyo ashonewe namba ya simu ya nyumbani kwenye pindo la nguo. Mkutano wa mtaa wa Septemba ulitangaze jambo hili wazi, kwa kuwa tarehe 21 ya mwezi huo ni Siku ya Alzheimer Duniani. Familia yenye mgonjwa isimame pale, iseme mbele ya majirani: mama yetu anaumwa, mkimkuta usiku mfunikeni kanga, mtupigie simu.