Kabla ya Kuuliza Bei, Uliza Kitapita Nini Ndani

Mazungumzo kwa mafundi wa jua kali, wenye maduka na wakaazi wanaoanzisha viwanda vidogo



Kila asubuhi River Road hupokea watu wenye karatasi mkononi. Mmoja ametoka Kangemi kutafuta tangi la maziwa. Mwingine ametoka Kawangware na pesa za chama, anataka mapipa, valvu na paipu za kutengenezea sabuni ya maji. Wa tatu ni fundi aliyetumwa na mwenye hoteli kule Dagoretti kununua paipu za maji moto. Wote watatu huingia dukani na swali moja: "Hii ni pesa ngapi?"

Swali hilo si baya, ila limekuja mapema. Kabla yake kuna maswali manne. Ndani ya chombo hiki kitapita nini? Kitakuwa na joto kiasi gani? Kitasukumwa kwa presha gani? Na jioni chombo kitaoshwa kwa dawa gani? Hakuna chuma kinachoweza kila kitu, wala plastiki inayofaa kila mahali. Anayenunua bila kujibu maswali hayo hununua mara mbili, na wakati mwingine gharama humwangukia mtu mwingine kabisa: mtoto anayekunywa maziwa, au mfanyakazi aliyesimama karibu na boila.

Tuanze na maziwa. Maziwa yenyewe si makali, lakini usafi wake ni mkali. Tangi huoshwa kwa kostiki soda ya moto, baadaye kwa asidi ya kuondoa ukoko, kisha kwa dawa ya klorini ya kuua viini. Tangi la mabati yaliyopakwa zinki haliwezi kazi hiyo, kwa sababu asidi ya maziwa yaliyochacha huila zinki na kuiingiza kwenye chakula. Ndiyo maana wenye viwanda vya maziwa hutumia chuma cha pua, ambacho mafundi wengi hukiita stenlesi.

Hata hivyo, stenlesi si moja. Gredi 304 ina kromiamu ya karibu asilimia 18 na nikeli ya karibu asilimia 8. Gredi 316 huongezewa molibdenamu, asilimia 2 hadi 3, ili ivumilie zaidi chumvi na klorini. Gredi 201 imepunguziwa nikeli, ambayo ni ghali, ikawekewa manganizi badala yake. Dukani 201 na 304 hung'aa sawasawa. Tofauti hujionyesha baadaye, pale 201 inapoanza kuota madoa ya kutu na vishimo vidogo ambamo mabaki ya maziwa hujificha na viini kuzaliana.

Wanunuzi wengi hubeba sumaku mfukoni, wakiamini kwamba isiponasa basi wamepata stenlesi nzuri. Sumaku haiwezi kutenganisha 201 na 304, kwa kuwa zote mbili kwa kawaida hazinaswi. Na 304 iliyokunjwa au kugongwa sana huweza kunaswa kidogo ingawa ni halali. Njia ya uhakika ni kuomba cheti cha kiwanda kilichoyeyusha chuma hicho, na kulinganisha namba iliyo kwenye cheti na ile iliyopigwa chapa kwenye bati au paipu. Muuzaji aandike gredi hiyo kwenye risiti. Anayesema ni 304 lakini hataki kuiandika, amekwisha kujibu.

Baada ya duka kuna karakana, na hapo ndipo chuma kizuri huharibiwa. Tangi la 304 likichomelewa kwa vijiti vya chuma cha kawaida, kutu huanzia kwenye maungio. Gredi hiyo huhitaji vijiti vyake, kama 308L. Jiwe la kusagia lililotumika kwenye chuma cheusi likiguswa kwenye stenlesi, huacha chembe za chuma ambazo hushika kutu. Fundi aweke mawe na brashi za stenlesi peke yake, na ile rangi ya samawati au nyeusi inayobaki kando ya weldi isafishwe hadi iishe. Kazi hii haionekani kwa mteja, na ndiyo sababu mteja anapaswa kuiulizia.

Sasa twende kwa sabuni. Kemikali za sabuni huuzwa kwa wingi katikati ya jiji, na watu wengi huanzia biashara hii jikoni. Hatari ya kwanza ni sufuria. Sufuria nyingi za nyumbani ni za alumini, na kostiki soda huila alumini kwa kasi, ikitoa gesi ya haidrojeni ambayo hushika moto. Mchanganyiko hufoka, na anayeinama juu yake huungua uso na macho. Kazi hiyo ifanyiwe kwenye chombo cha stenlesi au pipa nene la plastiki ya HDPE. Soda ndiyo imiminwe polepole kwenye maji baridi, wala si maji kumiminwa juu ya soda, kwa kuwa mchanganyiko huo hupata joto kali peke yake na huweza kulainisha ndoo nyepesi.

Kwa dawa ya klorini ya kung'arisha nguo, mambo hugeuka. Hapa stenlesi ya bei ghali hushindwa, kwa sababu klorini hutoboa vishimo ndani yake, ilhali pipa la HDPE na paipu za PVC huvumilia. Dawa ya choo yenye asidi ya haidrokloriki nayo hukaa kwenye plastiki, si kwenye chuma. Vyombo vya dawa hizi mbili visibadilishane kamwe. Zikikutana, hutoa gesi ya klorini inayochoma mapafu.

Kwa maji moto na mvuke, plastiki nayo ina mpaka wake. PVC ya kawaida huanza kulegea joto likipita nyuzi 60 za selsiasi. Maandishi PN 10 kwenye paipu ya plastiki yana maana ya presha ya ba 10 maji yakiwa na nyuzi 20. Joto likipanda, uwezo huo hushuka. Paipu za PPR zilizotengenezwa kwa maji moto hufaa kwenye mabafu na jikoni, lakini hazifai mvuke. Mvuke huhitaji paipu za chuma zenye unene uliopigiwa hesabu, na valvu pamoja na gasketi zilizoandikwa kiwango cha joto na presha. Mara nyingi paipu huwa sawa, lakini raba ya bei rahisi katikati ya maungio ikawa ndiyo inayoachia.

Lita moja ya maji ikigeuka mvuke hujaza nafasi ya takriban lita 1,600. Kwa hiyo pipa kuukuu la mafuta lililozibwa na kuwashiwa moto chini si boila, ni bomu. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka wa 2007 inataka boila za mvuke zikaguliwe na mtu aliyeidhinishwa.

Kuna anayesema kwamba haya ni mambo ya viwanda vikubwa. Historia yaonyesha kwamba kosa la kiwanda kikubwa na la karakana ndogo ni lile lile. Tarehe 1 Juni 1974, kiwanda cha kemikali cha Flixborough nchini Uingereza kililipuka, na watu 28 wakafariki. Miezi miwili hivi kabla, mtungi mmoja ulikuwa umepatikana na ufa. Maji yaliyomwagiwa nje ya mtungi huo yalikuwa na naitreti, na naitreti hizo ndizo zilizodhoofisha chuma chake. Mtungi ukaondolewa, ikawekwa paipu ya muda kuunganisha mitungi ya pande mbili. Mchoro wa paipu hiyo ulichorwa kwa chaki kwenye sakafu ya karakana. Hakuna aliyepiga hesabu kamili ya nguvu ambazo paipu hiyo ingebeba.

Fundi yeyote wa Kamukunji au Kirinyaga Road anaijua chaki hiyo ya sakafuni. Ubaya hauko kwenye chaki. Ubaya ni kuanza kukata chuma kabla ya kujibu yale maswali manne, kwa sababu mteja ana haraka na kipande kilichopo dukani kinakaribia kutosha.

Kwa hiyo, mnunuzi anayekuja River Road aandike majibu yake kwanza: kitu, joto, presha na dawa ya kuoshea. Amwonyeshe muuzaji na fundi karatasi hiyo, kisha aombe gredi au namba ya PN kwenye risiti. Bidhaa yenye alama ya ubora ya KEBS ikaguliwe kwa kutuma herufi SM, alama ya reli na namba ya kibali kwenda 20023. Mwenye duka naye asione maswali hayo kuwa usumbufu, kwa kuwa mteja aliyepata kitu sahihi hurudi kununua kingine.

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezipa serikali za kaunti kazi ya leseni za biashara, usimamizi wa wanaouzia umma chakula, na huduma za zimamoto. Wakaazi wanahimizwa kufika kwa maafisa wa afya ya umma na wa zimamoto kabla ya kufunga mitambo, si baada ya moshi kuonekana. Tangi lililochaguliwa vibaya halipigi kelele siku ya kununuliwa. Hungoja hadi pesa za chama zimekwisha na wateja wamezoea kuja.