Pumzi Kwanza: Huduma ya Kwanza kwa Aliyekatika Pumzi, Masasi na Newala

Barabara ya kutoka Mtwara kupitia Nanyamba, Tandahimba na Newala hadi Masasi ina urefu wa kilomita 210. Kilomita 50 za mwanzo, hadi Mnivata, zilipata lami mapema. Zile 160 zilizobaki ndizo zilizowachosha madereva na wagonjwa miaka nenda miaka rudi, mpaka Benki ya Maendeleo ya Afrika ilipokubali kusaidia kuzigharamia. Hata lami hiyo ikikamilika, vijiji vingi vya uwanda wa Makonde vitabaki ndani, mwisho wa njia za mchanga zinazopenya kwenye mikorosho. Ubongo wa binadamu ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika nne hivi. Hakuna gari la wagonjwa litakalotoka Hospitali ya Mkomaindo, Masasi, likafika Lulindi kwa dakika nne, wala litakalotoka Newala mjini likafika Kitangari kwa muda huo.

Kwa hiyo mhudumu wa kwanza wa aliyekatika pumzi huku kusini ni jirani yake. Hilo halina ubishi. Lenye ubishi ni nini hasa jirani huyo afundishwe, na hapo ndipo mada hii inapotofautiana na mafunzo mengi yanayotolewa kwa haraka kwenye semina za siku moja.

Mafunzo hayo kwa kawaida humwonyesha mtu mzima aliyeanguka ghafla kwa sababu ya moyo. Asili yake ni nzuri: mwaka 1960, William Kouwenhoven na wenzake wa Johns Hopkins, Marekani, walichapisha ushahidi kwamba kifua kikikandamizwa kwa mikono mitupu, damu huendelea kuzunguka hata moyo ukiwa umesimama. Mwaka 2008 Chama cha Moyo cha Marekani kikawaambia wananchi wasio na mafunzo kwamba, kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla mbele yao, kukandamiza kifua bila kupuliza pumzi kunatosha mpaka msaada ufike. Ujumbe huo ni mfupi, unashikika, na siku hizi unazunguka kwenye simu za vijana wa Masasi kama unavyozunguka kwingine.

Tatizo ni kwamba umesafiri bila masharti yake. Mtu aliyeanguka kwa moyo ana damu ambayo bado imebeba oksijeni. Ukiisukuma, inafanya kazi. Mtoto aliyezama au aliyekabwa na chakula kwanza amekosa hewa, na moyo wake umesimama baadaye kwa sababu hiyo. Damu yake haina kitu tena. Kuisukuma bila kumpa pumzi ni kuzungusha maji matupu. Utafiti mkubwa wa Japani uliochapishwa mwaka 2010, uliofuatilia zaidi ya watoto 5,000 ambao mioyo yao ilisimama nje ya hospitali, ulionyesha hivyo hivyo: pale chanzo kilipokuwa si moyo, waliokandamizwa kifua na kupuliziwa pumzi walipona vizuri kuliko waliokandamizwa tu. Na ukikaa ukahesabu dharura za pumzi za Masasi na Newala, nyingi zina chanzo ambacho si moyo.

Chukua korosho yenyewe. Kuanzia Septemba hadi Desemba hakuna nyumba isiyokuwa nayo, na mtoto wa miaka miwili hupewa mkononi kama peremende. Njugu na jamii zake ni miongoni mwa vitu vinavyoongoza duniani kwa kuingia kwenye njia ya hewa ya watoto wadogo, kwa sababu mtoto wa umri huo ana meno ya mbele ya kuvunjia lakini magego ya kusagia hayajakamilika. Madaktari wa watoto hushauri asipewe njugu nzima kabla ya kutimiza miaka mitano. Wilaya inayoishi kwa korosho itaona ushauri huo mgumu, lakini kuitwanga korosho kabla ya kumpa mtoto hakuhitaji bajeti.

Mtoto anayekohoa kwa nguvu aachwe akohoe. Kikohozi chake kina nguvu kuliko kofi la mtu yeyote. Akinyamaza, asipoweza kulia wala kuvuta hewa, midomo ikianza kuwa ya bluu, hapo kazi imeanza. Aliyezidi mwaka mmoja huinamishwa mbele na kupigwa kwa kiganja mara 5 katikati ya mabega. Ikishindikana, anayemsaidia humkumbatia kutoka nyuma, akakunja ngumi juu kidogo ya kitovu na kuivuta ndani na juu mara 5, njia ambayo daktari Henry Heimlich aliitangaza mwaka 1974. Kisha tena mgongoni, na kuendelea hivyo. Mtoto mchanga wa chini ya mwaka mmoja hasukumwi tumbo kamwe: hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, akapigwa mgongoni mara 5, halafu akageuzwa na kukandamizwa katikati ya kifua mara 5. Mama mjamzito naye hukandamizwa kifua, si tumbo.

Yale yanayofanywa vijijini kwa nia njema ni mengine kabisa. Mtoto hupewa maji anywe, au tonge la ugali alimeze ili lisukume korosho. Hupigwa utosini. Kidole huingizwa kooni kutafuta kisichoonekana, na kwa kawaida hukisukuma chini zaidi. Kitolewe kile tu kinachoonekana kwa macho.

Kuna hatari nyingine ambayo hata zahanati huipitia bila kuiona. Kipande cha korosho kinaweza kupita kooni, kikatulia ndani ya pafu moja. Mtoto anatulia, watu wanashukuru Mungu, na wiki mbili baadaye analetwa na kikohozi na homa, anapewa dawa za nimonia, anapata nafuu, anarudi tena. Mhudumu wa afya wa huku anapoona nimonia inayojirudia upande uleule, swali lake la kwanza kwa mama liwe: je, aliwahi kupaliwa na korosho? Mtoto huyo anahitaji rufaa mpaka penye kifaa cha kuchungulia ndani ya njia ya hewa, na anakihitaji mapema.

Jambo la pili ni maji, ambalo linashangaza kwa uwanda unaojulikana kwa uhaba wa maji. Ardhi ya juu ya Makonde ni ya kichanga. Mvua inanyesha na kuzama chini kabisa, na maji ya bomba husukumwa kwa mashine kutoka mabonde ya chini. Ndiyo maana familia nyingi huchimba visima vya kuhifadhia maji ya mvua uani, vikasakafiwa kwa saruji na kuachwa na mdomo mdogo juu. Mdomo huo usipokuwa na mfuniko wenye kufuli ni mtego kwa mtoto. Huko chini kuna Mto Ruvuma, wenye mikondo na mamba wake.

Aliyetolewa majini hana haja ya kubinuliwa begani, kuzungushwa wala kukandwa tumbo ili maji yatoke. Maji yaliyoingia mapafuni ni kidogo kuliko watu wanavyodhani, na yale ya tumboni yakisukumwa hupanda na kuingia mapafuni. Alazwe chali mahali pagumu, aitwe, atikiswe. Asipoitika wala kupumua kawaida, kidevu chake kiinuliwe, pua ibanwe, apuliziwe pumzi mdomo kwa mdomo mpaka kifua kionekane kikipanda. Mwongozo wa Ulaya huanza na pumzi 5, wa Marekani na 2. Anayesita kati ya 5 na 2 amekwisha kupoteza muda. Baada ya hapo ni kukandamiza katikati ya kifua mara 30 na kupuliza mara 2, bila kuacha. Kasi ni mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kwa mtu mzima kifua kizame sentimita 5 hadi 6. Kwa mtoto, thuluthi moja ya unene wa kifua chake, na kwa mtoto mchanga vidole gumba viwili vinatosha, huku mdomo wa mpulizaji ukifunika mdomo na pua ya mtoto kwa pamoja.

Onyo moja hapa. Mtu asiruke ndani ya kisima kumfuata aliyetumbukia. Hewa ya ndani ya shimo lililofungwa inaweza kuwa haifai kuvutwa, na aliyeruka huwa wa pili kufa. Kamba, ngazi, na simu kwa Zimamoto na Uokoaji namba 114 vitangulie.

Kupumua kawaida ni maneno ya kuzingatia. Mtu ambaye moyo wake umesimama huweza kuvuta hewa kwa kukoroma, mara moja baada ya muda mrefu, kama samaki nchi kavu. Watu husema bado anahema, wakamwacha. Hahemi. Aanze kukandamizwa.

Msimu wa mabibo una dharura yake. Uraka unywewao Oktoba na gongo inayopikwa kutokana na mabibo hayohayo huwalaza watu chali kando ya njia, na mlevi aliyelala chali akitapika hupaliwa na matapishi yake. Anayepumua lakini hajitambui alazwe ubavu, goti la juu likunjwe, uso uelekezwe chini kidogo ili kinywa kitiririke. Jambo hilo linafanyika kwa nusu dakika na halihitaji daktari.

Salfa ni habari nyingine. Mkulima hupuliza unga huo kwa mashine dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga mikorosho inapochanua, tangu alfajiri umande ukiwa bado kwenye majani, na vumbi lake huwasha macho na koo la hata mtu mzima mwenye mapafu mazima. Kwa mwenye pumu, asubuhi hizo ni za hatari. Shambulio likianza asilazwe. Akae, ainame mbele, mikono juu ya magoti, aondolewe kwenye vumbi. Kama ana dawa ya kuvuta ya salbutamol, apewe mkupuo mmoja mmoja, 4 hadi 10. Wengi huipuliza mdomoni ikaishia kwenye ulimi. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, ikitobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa dawa na kuzibwa pembeni, humfikishia mtoto dawa mapafuni sawasawa na kifaa cha dukani. Chupa za maji za namna hiyo zimejaa stendi ya Masasi.

Nyoka hawakosekani mashambani. Sumu ya koboko hulegeza misuli ya kupumulia huku moyo ukiendelea kudunda, na mgonjwa anaweza kuonekana amekufa ilhali bado anasikia. Akipuliziwa pumzi njiani kuelekea hospitali, hata kwa saa kadhaa, anaweza kupona. Kuchanja jeraha na kulikaza kwa kamba ni kupoteza muda, na kamba yenyewe hudhuru kiungo.

Kama kuna mahali Tanzania imekwisha kuthibitisha thamani ya pumzi, ni chumba cha kujifungulia. Mradi wa kuwafundisha wakunga kumsaidia mtoto kupumua ndani ya dakika yake ya kwanza, kwa kumkausha, kumsugua mgongo na kumpa hewa kwa mfuko na kinyago cha usoni, ulijaribiwa katika hospitali 8 za nchi hii. Georgina Msemo na wenzake walichapisha matokeo mwaka 2013: vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hapakuwa na mashine kubwa. Palikuwa na mafunzo na mdoli wa kujifunzia. Mama akijifungua nyumbani au njiani, namba ya bure ni 115, ya mfumo wa usafiri wa dharura wa m-mama.

Wasiwasi utakaotajwa na washiriki unafahamika. Wapo wanaoogopa maradhi ya mdomo kwa mdomo. Kwa mtoto wa nyumbani hofu hiyo haina uzito, na kwa mtu mgeni, anayeogopa akandamize kifua tu, kuliko kusimama akitazama. Wapo wanaoogopa kuvunja mbavu. Mbavu huvunjika wakati mwingine, na huunga.

Swali linalobaki ni nani afundishwe na wapi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inawabana waajiri kuhusu huduma ya kwanza, kwa hiyo maghala na viwanda vya kubangua korosho havina kisingizio. Lakini watu wengi wa huku hawana mwajiri, wana AMCOS, vyama vya msingi vya ushirika vya wakulima. Vyama hivyo, vilivyo chini ya vyama vikuu vya ushirika vya MAMCU na TANECU, hukusanya wakulima mara nyingi kuliko ofisi yoyote ya Serikali. Waendesha bodaboda nao wana vijiwe na viongozi wao. Na wapo manyakanga, walimu wa unyago, ambao bado wanasikilizwa na wanawake kuliko bango lolote la ukutani. Nyakanga akifundisha jinsi ya kumgeuza mtoto mchanga aliyekabwa, somo litafika kila ua.

Kuhusu vifaa, mdoli wa kwanza wa kufundishia ulitengenezwa mwaka 1960 na Asmund Laerdal, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea vya watoto kule Norway. Kwa Newala, kiroba kilichoshindiliwa matambara kinatosha kwa kujifunza kasi na kina, na kichwa chenye shingo ya kuinamisha si kazi ngumu mahali penye wachongaji wa Kimakonde. Wapewe oda.

Viongozi wa AMCOS waliomo ukumbini wanaombwa watenge saa mbili za mkutano mmoja wa wanachama kabla salfa haijaanza kupulizwa, na saa mbili nyingine kabla ya mnada wa kwanza wa Oktoba. Namba 114 na 115 ziandikwe kwa chaki kwenye ubao wa kila ghala, chini ya bei ya korosho.